Vipimo vya ADC vinapodanganya: kutafuta masafa bandia na kurekebisha kichujio cha ingizo

Tangi la maji limetulia, valvu zimefungwa, hakuna anayechota, lakini grafu ya kina inapanda na kushuka taratibu kila baada ya sekunde chache. Au mzani wa kupimia magunia uko mtupu na tarakimu zake za mwisho zinaelea. Wengi huanza kwa kuandika programu ya kuchukua wastani. Isipofaa, hubadilisha sensa, na hatimaye hununua ADC (chipu inayogeuza volti kuwa namba) yenye biti nyingi zaidi. Mara nyingi hatua zote tatu haziligusi tatizo, kwa sababu kosa liliingia kabla ya namba ya kwanza kuandikwa.

ADC haitazami volti muda wote. Huichungulia kwa vipindi, na kati ya vipindi hivyo haioni kitu. Masafa yoyote yaliyo juu ya nusu ya kasi ya sampuli, yaani mpaka unaoitwa kwa jina la Harry Nyquist, hujikunja na kushuka chini yakiwa na sura ya masafa mengine. Hayo ndiyo masafa bandia. Mkazi wa Pwani anaweza kuyaona bila kifaa chochote. Maji ya bahari hujaa takriban kila saa 12 na dakika 25. Mtu akienda kuyatazama mara moja tu kwa siku, saa sita kamili mchana, daftari lake litamwambia kwamba bahari hupanda na kushuka polepole, mzunguko mmoja kwa siku 14 na robo tatu hivi. Mzunguko huo umezaliwa na ratiba yake ya kutazama, na hakuna hesabu atakayoifanya juu ya daftari lile peke yake itakayomrudishia saa 12 na dakika 25. Programu yako nayo haina njia. Masafa bandia yakishaingia kwenye sampuli, hayatofautiki na ishara halali ya masafa yaleyale.

Kwa hiyo dawa hukaa kabla ya ADC, kwenye saketi, au kwenye kasi ya sampuli yenyewe. Lakini si kila usumbufu ni masafa bandia, na kichujio kilichowekwa vibaya huleta magonjwa yake. Ndiyo maana tunaanza na vipimo vya kutenganisha.

Kabla ya kulehemu chochote

Jaribio lenye faida kuliko yote halihitaji hata rezista moja: badili kasi ya sampuli kidogo, kisha angalia kama usumbufu umehama. Ishara halisi hubaki kwenye masafa yake hata ukiichungulia kwa kasi gani, ilhali masafa bandia huhama.

Tuseme unachukua sampuli 1000 kwa sekunde na FFT (hesabu inayoonyesha masafa yaliyomo kwenye ishara) inaonyesha kilele kwenye 30 Hz. Panda hadi 1005. Kilele kikibaki kwenye 30 Hz, ni kitu cha kweli: mtikisiko wa bomba, mota inayozunguka, au sensa yenyewe. Kikihamia 50 Hz, umemkamata mwizi na pia umejua anakotoka. Kasi imeongezeka kwa 5, kilele kimesogea kwa 20, na 20 kwa 5 ni 4, kwa hiyo chanzo kiko karibu na mara nne ya kasi ya sampuli. Kwa kuwa kilele kilipanda kasi ilipopanda, chanzo kiko chini ya kizidisho hicho: 4000 toa 30, yaani 3970 Hz. Kama kingeshuka hadi 10 Hz, chanzo kingekuwa 4030 Hz. Badili kasi kidogo tu, nusu asilimia inatosha. Ukibadili sana, kilele huruka upande wa pili wa sifuri na hesabu hii inakupoteza.

Kifaa kinachosoma mara moja kwa sekunde hupimwa vivyo hivyo kwa kubadili muda wa kusubiri. Ongeza milisekunde 5 kati ya usomaji mmoja na mwingine, sekunde 1 iwe 1.005. Kama usumbufu ni umeme wa 50 Hz, kila usomaji sasa utaangukia robo ya mzunguko mbele ya uliotangulia, na grafu itachora umbo linalojirudia kila usomaji wa nne. Umbo hilo likionekana, huna haja ya osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme) kujua adui ni nani.

Baada ya hapo fanya majaribio mawili ya haraka. Unganisha ingizo na grauni kwa waya mfupi palepale kwenye pini. Usumbufu ukibaki, unatoka kwenye volti ya rejea, kwenye umeme wa bodi, au ndani ya chipu, na kichujio cha ingizo hakitausaidia. Kisha hamisha waya huo hadi mwisho wa kebo, upande wa sensa. Usumbufu ukirudi hapo, kebo ndiyo antena. Mwishowe endesha kifaa kwa betri na uzime mashine za jirani moja baada ya nyingine: pampu, kidhibiti chaji cha sola, chaja ya kompyuta ya mkononi.

Wimbi la polepole mahali palipotulia

Huu ndio ugonjwa wa kawaida zaidi kwenye virekodi vya data, na karibu kila mara mzizi wake ni 50 Hz ya umeme wa gridi ikisomwa kwa kasi ndogo. Ukisoma mara moja kwa sekunde na gridi ikiwa 50 Hz kamili, kosa huganda mahali pamoja na hulioni. Gridi ikishuka hadi 49.9 Hz, kosa linageuka kuwa wimbi la sekunde kumi. Masafa ya gridi huyumba kidogo mchana kutwa, kwa hiyo wimbi lako nalo hurefuka na kufupika bila mpango. Watu huliita joto la sensa, upepo juu ya maji, na mengine mengi.

Chipu ya ADC iitwayo ADS1115 inastahili kutajwa kwa jina kwa sababu imejaa kwenye miradi, na wengi huamini kwamba ADC ya aina yake, delta-sigma, ambayo hukusanya wastani wa ishara kwa muda, inajichujia yenyewe. Hujichuja, ila kwa kadiri ya muda wa ubadilishaji mmoja. Kasi yake ya kuanzia ni sampuli 128 kwa sekunde, yaani hukusanya wastani wa milisekunde 7.8. Mzunguko mmoja wa 50 Hz ni milisekunde 20. Wastani wa kipande hicho kifupi huacha takriban asilimia 77 ya 50 Hz ipite. Ukiiamsha mara moja kwa sekunde, ikasoma milisekunde 7.8 na kulala tena, umejenga mtambo wa kutengeneza masafa bandia wenye biti 16. Ishushe hadi sampuli 8 kwa sekunde na ubadilishaji mmoja utafunika milisekunde 125. Hapo 50 Hz inayobaki huwa kati ya sifuri na asilimia 5, kutegemea saa ya ndani ya chipu hiyo, ambayo mtengenezaji anaruhusu ipotoke hadi asilimia 10. Ni mstari mmoja wa programu, na katika kazi ya tangi la maji mara nyingi unatosha.

HX711, ADC ya mizani, iko kwenye hali nzuri zaidi. Ikiwa kwenye sampuli 10 kwa sekunde, kichujio chake cha ndani huzuia 50 Hz na 60 Hz kwa pamoja. Ukiihamishia kwenye 80 ili mzani ujibu upesi, kinga hiyo inaondoka, na usishangae tarakimu zikianza kucheza.

Kwa ADC ya ndani ya kidhibiti kidogo, njia ninayoipenda ni kusoma haraka kuliko unavyohitaji. Chukua sampuli 1000 kwa sekunde, fanya wastani wa sampuli 20 zinazofuatana, tunza namba moja. Sampuli hizo 20 ni milisekunde 20 kamili, mzunguko mzima wa 50 Hz, kwa hiyo nusu ya juu na nusu ya chini zinafutana, pamoja na 100 Hz, 150 Hz na ndugu zao hadi ukaribie nusu ya kasi. Gridi ikiwa 49.5 Hz, bado ni asilimia moja tu itakayobaki. Wastani huu unafaa kwa sababu 50 Hz iko chini ya mpaka wa 500 Hz, haijajikunja. Wastani wa sampuli 16 zilizochukuliwa sekunde moja moja haufanyi kazi hiyo hata kidogo. Unapunguza tu ukubwa wa wimbi bandia, tena pale tu wimbi hilo linapokuwa fupi kuliko sekunde 16.

Ukilazimika kusoma polepole kwa ajili ya betri, weka RC, yaani kichujio cha rezista na kapasita. Rezista ya 10 kΩ na kapasita ya 10 µF hukata kwenye 1.6 Hz (masafa yaliyo juu ya hapo huzidi kupunguzwa) na hupunguza 50 Hz mara 31. Gharama yake ni kwamba ukiamsha sensa lazima usubiri kapasita ijae. Kwa biti 12, kutulia ndani ya nusu hatua (hatua ni tofauti ndogo kabisa ya volti ambayo ADC inaweza kuionyesha) huchukua takriban mara tisa ya zao la R na C, yaani karibu sekunde nzima hapa. Wengi huwasha sensa, husoma baada ya milisekunde 50, kisha hulaumu sensa kwamba inasoma chini.

Kipimo kinaharibika pampu ikiwaka

Draivu za mota, vidhibiti chaji na inveta hukatakata umeme kwa masafa ya kilohezi kadhaa. Kwa draivu nyingi 4 kHz, 8 kHz au 16 kHz ni namba za kuchagua kwenye menyu. Namba hizo zinagawanyika vizuri mno kwa 1000, na kasi ya sampuli 1000 ndiyo kila mtu huichagua. Matokeo yake ni masafa bandia yanayokaa karibu na sifuri, mahali hasa ilipo ishara yako.

Usitegemee chipu iwe na uziwi wa kukulinda. ATmega328P ya kwenye Arduino Uno husoma takriban sampuli 9600 kwa sekunde kwa mpangilio wa kawaida, lakini upana wa masafa ya ingizo lake kwenye karatasi ya data ni 38.5 kHz. Mlango uko wazi mara nane ya mpaka wa Nyquist. Karatasi hiyohiyo inamwambia mtumiaji aondoe masafa ya juu kwa kichujio kabla ya ingizo. ADC nyingi za kasi ziko wazi zaidi ya hapo, kwa makusudi, maana kuna wanaotumia kujikunja huku kupokea redio.

Sasa unahitaji kichujio kikali kiasi gani? Watu husoma kwamba lazima kila kitu kizimwe kufikia nusu ya kasi, wanaona inahitaji kichujio cha daraja la nane, wanakata tamaa. Kwa vipimo vya kawaida si lazima. Tuseme ishara ya shinikizo unayoitaka haizidi 20 Hz na unasoma mara 1000 kwa sekunde. Masafa ya 600 Hz yatajikunja yawe 400 Hz, mbali na 20 Hz, na programu inaweza kuyachuja huko. Yanayoanguka juu ya ishara yako ni yale tu yaliyo ndani ya 20 Hz ya 1000, 2000, 3000 na kuendelea. Mahali pa hatari pa kwanza ni 980 Hz, si 500. Kutoka 20 Hz hadi 980 Hz kuna nafasi ya kutosha kwa kichujio rahisi kushuka.

Kisha pima usumbufu. Osiloskopu ikionyesha 100 mV ya 4 kHz kwenye kebo, na ADC yako ni biti 12 kwa 3.3 V, nusu hatua ni 0.4 mV. Unahitaji kupunguza mara 250, yaani desibeli 48. RC moja inayokata kwenye 50 Hz hupunguza 4 kHz mara 80. Haitoshi, na pia inakula asilimia 7 ya ishara yako ya 20 Hz. Kichujio cha Butterworth cha daraja la pili kinachokata hapohapo hupunguza 4 kHz mara 6400 na hugusa 20 Hz kwa asilimia moja na kitu tu.

Cha kujenga ni saketi ya Sallen-Key isiyokuza: opampu (chipu ya kukuza ishara) moja iliyounganishwa kama bafa, yaani ikitoa volti ileile inayopokea, rezista mbili za 22 kΩ kwa mfululizo hadi ingizo lake chanya, kapasita ya 100 nF kutoka ingizo hilo hadi grauni, na 200 nF kutoka katikati ya rezista hadi kwenye tokeo la opampu. Kapasita mbili za 100 nF kwa sambamba ndizo 200 nF, kwa hiyo unanunua aina moja tu ya kapasita na aina moja ya rezista. Hukata kwenye 51 Hz. Ukizigeuza kapasita hizo mbili mahali pake, kichujio kitaendelea kuchuja ila kwa mteremko mlegevu karibu na ukomo, na ishara yako itapungua bila wewe kujua kwa nini.

Kuna dalili moja inayowachanganya waliojenga saketi hii vizuri: 4 kHz imekufa, lakini kelele za mamia ya kilohezi kutoka kwenye kibadilisha volti bado zinapenya. Kwenye masafa ya juu opampu huishiwa nguvu ya kushikilia tokeo lake, na ile kapasita ya 200 nF inageuka kuwa njia ya mkato kutoka ingizo hadi tokeo. Mteremko wa kichujio hupinda na kurudi juu. Opampu za bei nafuu zenye umeme mdogo huanza mapema zaidi. Weka RC ya kawaida baada ya opampu, kwa mfano 1 kΩ na 100 nF, inayokata kwenye 1.6 kHz, na njia hiyo inafungwa bila kugusa 50 Hz zako.

Umeweka kichujio, sasa kipimo si sahihi

Kipimo kimekuwa safi lakini kiko chini ya voltimita, au chaneli ya pili inafuata mienendo ya chaneli ya kwanza. Hapa kichujio ndicho mshtakiwa.

Ndani ya ADC ya SAR, aina iliyomo kwenye vidhibiti vidogo vingi, kuna kapasita ndogo inayochaji kila sampuli: 14 pF kwa ATmega328P, 20 pF kwa MCP3208. Lazima ijae kwa muda mfupi sana ambao swichi yake inapitisha umeme, ndiyo maana ATmega inataka ukinzani wa chanzo usizidi 10 kΩ. Mgawanyiko wa volti ya betri uliojengwa kwa rezista za mamia ya kΩ ili kuokoa umeme hauwezi kuijaza. Inabaki na chaji ya chaneli iliyosomwa kabla yake, na chaneli mbili zinaanza kusimuliana habari.

Kapasita ya 100 nF kwenye pini hutibu hilo, kwa kuwa 14 pF ikichota humo inapunguza volti kwa sehemu moja katika 7000, chini ya hatua moja ya biti 10. Ila uchotaji huo ukirudiwa mara 9600 kwa sekunde unakuwa mkondo wa kudumu, sawa na rezista ya takriban 7 MΩ iliyowekwa kwenye pini. Ukiwa na 22 kΩ mbele yake, na chaneli jirani iko kwenye upande wa pili wa kipimo, utapoteza hatua tatu hivi. Soma mara 100 kwa sekunde na kosa linatoweka. Kwa hiyo ukiona kipimo kinapungua kadiri unavyoongeza kasi, usitafute masafa bandia. Punguza rezista, au weka opampu ya bafa kati ya kichujio na ADC.

ADC ikiwa na swichi moja ya kuchagua chaneli na kichujio kimewekwa baada ya swichi hiyo, kila ukibadili chaneli kichujio kinaanza upya. Weka kichujio kimoja kwa kila chaneli kabla ya swichi. Kama haiwezekani, subiri: mara 7.6 ya zao la RC kwa biti 10, mara 9 kwa biti 12, mara 12 hivi kwa biti 16. Kutupa usomaji wa kwanza baada ya kubadili chaneli ni desturi nzuri, lakini haitoshi kichujio kikiwa kizito.

Opampu inaimba yenyewe

Tokeo la opampu limeunganishwa moja kwa moja na kapasita ya 100 nF kwenye pini ya ADC, na kipimo kimejaa kelele zisizohusiana na kitu chochote. Osiloskopu itakuonyesha wimbi safi la mamia ya kilohezi. Opampu nyingi haziwezi kubeba kapasita kubwa namna hiyo bila kuyumba. Tenganisha kwa rezista ya kuanzia 50 Ω hadi mia kadhaa. Kwa ADC inayosoma kwa kasi kubwa, kapasita hiyo nayo ishuke hadi nanofaradi moja au chache, bado mara makumi ya ile ya ndani.

Simu ikiita, grafu inaruka

Hili si suala la masafa bandia ingawa hufanana nalo. Simu ya GSM hutuma kwa vipande, takriban mara 217 kwa sekunde. Nguvu hiyo ya redio inaingia kwenye kebo, inafika kwenye ingizo la kikuza ishara, na viungo vya silikoni ndani yake vinaigeuza kuwa volti ya polepole. Volti hiyo imezaliwa ndani ya kikuzaji, kwa hiyo kichujio baada ya kikuzaji hakina cha kukamata. Weka kapasita ndogo, 100 pF hadi 1 nF, na rezista au ushanga wa feriti, kabla ya kikuzaji, karibu kabisa na mahali kebo inapoingia kwenye boksi. Kikuzaji cha ingizo mbili kinahitaji kapasita moja kati ya ingizo hizo, iwe angalau mara kumi ya zile mbili ndogo zinazoshuka kwenye grauni. Ndogo zikitofautiana kidogo, ile kubwa huficha tofauti hiyo.

Kwenye ESP32, kidhibiti kidogo chenye Wi-Fi, chunguza jambo jingine kwanza. Wi-Fi ikituma, mkondo huruka kwa mamia ya milliampea na volti ya bodi hutikisika. Kwa ESP32 ya awali, ADC2, mojawapo ya ADC zake mbili, haitumiki kwa uhakika Wi-Fi ikiwa imewashwa, hivyo hamia pini 32 hadi 39 za ADC1. Mtengenezaji mwenyewe anapendekeza 100 nF kwenye pini ya ingizo.

Kilele cha FFT kimenenepa miguuni

Unasoma ndani ya kitanzi chenye delay() na uchapishaji kwenye siriali. Muda kati ya sampuli hauko sawa. Kuyumba kwa mikrosekunde 10 kwenye ishara ya 1 kHz hukuachia desibeli 24 tu za ishara juu ya kelele, chini ya biti nne, hata kama ADC ni ya biti 24. Tumia taima ya chipu ianzishe ubadilishaji. Hakuna kichujio kinachoponya hili.

Kuhusu kapasita zenyewe

Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue ukaomba 104 ya kauri, utapewa 100 nF bila mtu kukuambia ni kauri ya aina gani. Nyingi ni X7R au duni zaidi. Uwezo wao hupungua volti inapopanda, kwa hiyo masafa ya kukata yanatembea pamoja na ishara, na baadhi yao zikigongwa hutoa volti kama maikrofoni. Kwa tangi la maji haijalishi. Kwa sauti, mtetemo, au kitu chochote cha biti 16, tafuta kauri ya C0G, na kwa thamani kubwa tumia za filamu. Ukipima mshtuko au pigo ambalo umbo lake ni muhimu, achana pia na Butterworth: huvuka kilele kisha hurudi. Bessel huchuja kwa ulegevu zaidi lakini huacha umbo likiwa zima.

Kuthibitisha

Usiamini hesabu, hata hizi. Ingiza wimbi safi la masafa unayoyajua mahali pa sensa na uone ADC inasema nini. Huna jenereta ya mawimbi? Tokeo la sauti la kompyuta hutoa 20 Hz hadi 20 kHz. Lipitishe kwenye kapasita ya 10 µF, upande wa chanya ukielekea ADC, kisha ulinyanyue hadi katikati ya kipimo kwa rezista mbili za 10 kΩ, moja kwenda chanya ya bodi na nyingine kwenda grauni. Anza na masafa ya ishara yako, uandike ukubwa wake. Kisha nenda 10 Hz juu ya kasi ya sampuli, halafu 10 Hz juu ya mara mbili yake, mara tatu, na mwisho kwenye masafa ya draivu iliyoko pale kazini. Kila mara tafuta kilele cha 10 Hz kwenye data. Ukubwa wake ukigawanywa kwa ule wa mwanzo ndio kichujio chako halisi, pamoja na makosa ya kulehemu na kapasita zisizo sawa na maandishi yake.

Rudia jaribio lote na kebo yenyewe itakayotumika, si waya wa mezani wa sentimita 20. Kebo ya mita 30 ina kapasita yake, kwa kawaida nanofaradi chache, na sensa yenye ukinzani mkubwa itaihisi kama kichujio cha ziada ambacho hukukichora kwenye mchoro.